Mke wa Mnara

Nikisikia watu wakitaja historia ya nchi, mimi humwona mwanamke mmoja wa Timbwani, kule Likoni, ameinama na fagio la chelewa. Nilikua mlango wa pili kutoka kwake, na dirisha letu la jikoni lilitazama ule mnara aliokuwa akiufagia, kwa hiyo kila nilichofundishwa darasani juu ya taifa kilinijia na vumbi lake. Jina lake nalijua na sitaliandika. Kwetu alikuwa jirani. Kwa watoto wa mtaa, wakiwa mbali na fagio, alikuwa Mke wa Mnara.

Tuliuita mnara kwa kukosa neno jingine. Zilikuwa kuta tano nene za zege, kila mmoja mrefu kuliko mwenzake, zimeinamiana kama watu wanaonong'onezana msibani. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kuadhimisha uhuru. Kila ukuta ulikuwa na watu waliochomoza kutoka kwenye zege: wapagazi na mizigo yao, wajenzi wa reli, askari waliopelekwa vita visivyo vyao, wapiganaji wa msituni, na mwisho umati unaotazama bendera ikipanda. Watu wote hao hawakuwa na macho. Palipotakiwa jicho paliachwa shimo, na katika mashimo hayo manyigu walijenga wakazaana.

Zege lilikuwa tupu, la kijivu, na alama za boksi, zile mbao zilizolishika lilipomiminwa, zilibaki juu yake mpaka mafundo ya miti yakaonekana. Kwetu nyumba isiyopigwa plasta ni nyumba ambayo mwenyewe ameishiwa. Basi mtaa mzima tulikaa tukingoja plasta. Tulingoja mwaka wa kwanza, wa pili, tukapita miaka kumi. Wazee walisema fungu limeliwa. Mama yangu alisema labda wanangoja kuta zikauke. Hakuna aliyetuambia kwamba mchoraji wake alitaka ubaki vile vile, na hata tungeambiwa, sidhani kama tungeamini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kutaka hivyo.

Jirani ndiye aliyethubutu kuuliza. Ilikuwa sikukuu moja ya Madaraka, bendi imeshapiga, shada la maua limeshawekwa. Fagio lake mkononi, akamsogelea bwana mkubwa mmoja mwenye suti, akamwamkia vizuri, kisha akamuuliza mafundi wa plasta watakuja lini. Yule bwana akacheka, akasema kazi imekwisha, mama. Jirani akautazama mnara juu mpaka chini, akasema, "Haya. Nikiulizwa nitasema imekwisha." Akarudi kufagia karatasi za peremende walizoacha watoto wa shule.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alisema kitu kama alivyokipata, bila kuongeza chumvi, na kwa sauti ile ile aliyoitumia kuulizia bei ya nazi. Watu walidhani ni huzuni iliyomfanya awe baridi vile. Mimi nilidhani hivyo pia, maana katika mtaa wetu kila mtu alijua yaliyomfika.

Mumewe alikuwa mmoja wa vibarua walioujenga mnara. Siku walipomimina zege la ukuta wa nne, ule wa wapiganaji wa msituni, watu walipanga mstari kwenye jukwaa tangu alfajiri wakipokezana makarai, maana kazi kama hiyo haikatizwi. Jioni walipotawanyika yeye hakurudi nyumbani. Asubuhi yake ndara zake zilionekana chini ya jukwaa, moja imekatika ukanda. Nyapara, mtu wa bara, alisema hajui, vibarua ni wengi. Polisi kituoni wakasema mwanamume mzima akitoka kwake si kesi. Kufikia Ijumaa mtaa ulikuwa umekwisha kuamua: mtu ameteleza, ametumbukia ndani ya boksi, na waliokuwa juu wakaendelea kumimina.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne wakati huo. Nakumbuka wanawake walivyojaa kwake, na kauli yake moja tu. Mama yangu alipomwambia kwamba wameshakubaliana kumsomea mumewe hitima, alisema, "Ngojeni kidogo." Hakulia. Alisema ngojeni kidogo, akatazama uani. Lakini uani palikuwa na sufuria mbili kubwa za kuazima, na mchele ulikuwa umeshaoshwa. Watu hawawezi kuambiwa wangoje na mchele uko majini. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, na tangu siku hiyo mumewe akawa marehemu.

Akawa marehemu kwetu sisi. Yeye neno hilo hakulitamka, na huo ulikuwa mwanzo wa mashaka ya watu juu yake. Hakukaa eda. Wazee wa kike walimwendea kwa zamu kumsihi, wakamwambia mwanamke akifiwa hukaa miezi minne na siku kumi, hilo si la kuchagua. Akawasikiliza, akawapikia chai ya tangawizi, akawaambia, "Miye sijafiwa." Wakatoka wakitikisa vichwa. Wakasema maiti haikuonekana, moyo haujapata pa kushika, tumpe muda.

Tulimpa muda mrefu sana. Kila Idi alitia hina mikononi na miguuni kama mwanamke mwenye mume ndani. Hina yake ilikuwa nzito, nyekundu iliyokoza, na mama yangu alikuwa akiitazama kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyekosea. Walikuja wachumba, maana hakuwa mzee wala hakuwa na sura mbaya. Mmoja alikuwa kuli wa bandarini mwenye nyumba yake. Sheikh wa msikiti wetu akamweleza kwamba mke wa mtu aliyepotea anaweza kwenda kwa kadhi akafunguliwa. Akajibu kwamba anashukuru, lakini yeye ana mume. Mtaa ukamwonea huruma, ukampenda zaidi, na pia ukachoka naye kidogo. Yote matatu huenda pamoja.

Kazi ya kufagia aliipata kwa huruma hiyo hiyo. Ofisi iliyosimamia mnara ilitaka mtu, na mtaa mzima ukasema kwa sauti moja kwamba hakuna mwenye haki zaidi yake. Aliifanya vizuri, ila bila heshima ambayo wageni wangetarajia. Ukuta wa kwanza ulilala kidogo na ulipigwa na jua tangu asubuhi, hapakuwa na bati wala jamvi Timbwani nzima lililopata moto kama ule. Basi hapo, migongoni mwa wapagazi, alianika ndimu zake za achari. Mgeni wa serikali akija, ndimu ziliingia ndani ya ndoo, akiondoka, zilirudi. Achari yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya feri. Nimeshakula historia ya Kenya na wali, najua ladha yake.

Alitafuna tambuu, lakini hakutema karibu na mnara. Alivuka barabara kwenda kutema. Mbuzi waliruhusiwa kulala kwenye kuta zote, na ule wa nne pia, jambo lililowaudhi watu. Mzee mmoja alimwambia, "Bi, huyo mbuzi amelala juu ya mumeo." Akamjibu, "Huyo mbuzi amelala kivulini."

Wanafunzi walioletwa na walimu wao aliwaeleza kila ukuta kwa utaratibu wake. Yule mama mwenye mtoto mgongoni, kwenye ukuta wa bendera, alisema anatafuta pa kupita aende sokoni. Mwalimu mmoja kijana kutoka Changamwe alimsahihisha, akasema yule ni mama wa taifa. "Sawa," akasema, "lakini sokoni si ataenda?" Watoto wakacheka, na yeye hakucheka.

Mvua zilipopita mwaka wa tatu au wa nne, kwenye ukuta wa nne ukatokea mchirizi wa rangi ya kahawia. Ulianzia kifuani mwa mpiganaji mmoja ukashuka hadi chini. Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Watu walivuka kutoka kisiwani kuja kuuona. Walisema damu imefika nje, na sasa tukajua kwa nini plasta haikupigwa, maana plasta haishiki mahali kama hapo. Wakamzunguka Jirani wakingoja aanguke. Akaugusa mchirizi kwa kidole, akakinusa, akasema, "Ni nondo. Imeshika kutu." Kisha akamwagia maji akausugua kwa makumbi ya nazi. Haukutoka, akauacha. Mama yangu alikuja nyumbani analia. Alisema kuna watu Mungu huwafunga moyo ili wasipasuke.

Kila mwaka, wiki ile ile, hitima ilisomwa pale mnarani. Sheikh hakupenda. Alisema Waislamu kukaa wakielekea ukuta wenye masanamu ni jambo la kukimbiwa. Wakajadiliana, wakapata suluhu ya kukaa wakiupa mnara mgongo. Basi tukawa tunamwombea mtu tukiwa tumemgeuzia visogo, na baada ya miaka miwili mitatu hapana aliyeona ajabu. Jirani alikaa nyuma na wanawake. Aliitikia amina. Alipika pia, tena kwa mkono mzuri.

Mwaka mmoja akaja chifu mpya, kijana wa bara, na askari wawili. Zilikuwa siku ambazo watu watano hawakusimama pamoja bila kuulizwa. Akaona wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya mnara wa taifa, wameupa mgongo, wanasoma kitu asichokijua.

"Hii mkutano iko na kibali?" akauliza.

Jirani akainuka na sinia.

"Si mkutano, bwana chifu. Twala. Karibu."

"Mnakula kwa sababu gani hapa?"

"Wenzangu wasema mume wangu yumo humu ukutani. Kila mwaka huja wakamsomea."

Chifu akautazama ukuta kwa muda. Akavua kofia. Akakaa akala, na askari wake wakala, na mwaka uliofuata alituma mchele. Mimi nilikuwa nimebeba birika ya kunawia mikono, nikasikia neno kwa neno. Wenzangu wasema. Nilisikia, na sikusikia.

Jambo ambalo nusura livunje mapenzi ya mtaa kwake lilikuja binti yake alipochumbiwa. Alikuwa na binti huyo mmoja tu, rafiki yangu wa kusuka naye nywele, na mchumba alikuwa mtu mwema wa Mtongwe. Kila mtu alijua nani atakuwa walii, maana bila walii nikaha haifungwi: baba hayupo, basi ni ami yake, mdogo wa babake. Ami mwenyewe alishashona kanzu. Siku tatu kabla ya nikaha Jirani akasema ndoa haitafungwa msikitini na ami hatamwoza. Itafungwa mjini, kwa kadhi.

Walikusanyika kwake, ami, sheikh, na wazee wawili wa upande wa bwana arusi. Sisi wanawake tulikuwa chumbani, pazia likiwa katikati. Binti alikuwa ameshikwa mikono miwili, hina bado mbichi, hawezi hata kujifuta machozi.

"Kaka yangu alipokufa," ami alisema, "haki ya kumwoza mtoto huyu ikawa yangu. Unanivunjia heshima mbele za watu."

"Babake yu hai," Jirani akasema kutoka upande wetu wa pazia.

Wazee wa Mtongwe wakakohoa.

Sheikh akaingia kwa upole. "Bi, miaka hii yote tumekustahi. Leo kuna haki ya mtoto. Usimharibie kwa sababu ya uchungu wako."

"Ndiyo maana nasema, sheikh. Ami akimwoza na babake yu hai, nikaha haisihi. Miye sitaki mwanangu akae na mtu bila ndoa, na wajukuu zangu wawe wa nini? Mwendeni kwa kadhi. Yeye ataweza."

Mmoja wa wazee akasimama kuondoka. Nilimwona binti akifumba macho. Nilimchukia Jirani wakati ule, nasema wazi. Niliona ameing'ang'ania huzuni yake mpaka anamkaba nayo mtoto. Sheikh ndiye aliyemrudisha mzee kitini. Akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo sote tuliisikia, kwamba mwanamke amedhoofika akili, na kwamba kwenda kwa kadhi hakudhuru kitu, ni kuvuka feri tu.

Wakaenda. Na ami alirudi jioni amepigwa na bumbuazi, kwa sababu kadhi hakuuliza lolote. Alimtazama binti, akataja jina lake na la babake, akamwoza. Ami alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. "Kama vile alikuwa anatungojea," alisema, na watu wakasema kadhi ni mwanachuoni, huona mbali.

Binti alikwenda Mtongwe. Mimi nikapata kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, nikahamia Changamwe, na mama yangu alipofariki sikuwa na sababu kubwa ya kuja Likoni. Nilikuja mara moja moja. Mnara ulikuwa umezeeka haraka kuliko sisi. Herufi za shaba zilikuwa zimeng'olewa, na wageni wa serikali walipunguza kuja. Jirani aliendelea kufagia. Tukikutana alinipa chupa ya achari nami nikampa habari za mjini, hakuna hata mmoja wetu aliyezidisha maneno.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili moja katikati ya miaka ya tisini. Nilipopita mnarani nikaona majani makavu yamerundikana miguuni mwa wapagazi, na juu ya ukuta wa kwanza hapakuwa na ndimu. Nikajua kuna jambo. Nikabisha hodi kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, urudishe mlango. Niko edani."

Alikuwa amekaa mkekani, nguo nyeupe tupu, hana wanja, hana udi. Hina ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha tu. Nikakaa. Sikujua niseme nini, maana makiwa, pole za msiba wa mtu huyu, tulikwisha kuyasema nikiwa na meno ya utotoni.

"Amekufa Jomvu Kuu," akasema. "Wiki iliyopita, Jumanne. Kifua. Mke mwenzangu ndiye aliyeniletea habari."

Nikamuuliza nani amekufa, ingawa nilishaelewa.

"Mume wangu. Yule mumsomeao."

Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nazi. Siku ile ya zege ukanda wa ndara ulimkatika, akaziacha. Akashuka feri miguu mitupu, akavuka, hakurudi. Alikuwa amechoka. Kuchoka na nini, hakumwambia. Miezi kadhaa baada ya hitima alimwona sokoni Kongowea anachagua vitunguu.

"Akaniuliza mtoto hajambo. Nikamwambia hajambo. Akasema, nirudi? Nikamwambia utarudi wapi? Umeshasomewa. Watu wamekula."

"Na talaka hukudai?"

"Ningedai vipi? Kila mtu angeniuliza maiti anaachaje mke." Akanyoosha miguu. "Nayo kazi ya mnara nilikuwa nimeshapewa. Mwanamke aliyekimbiwa hapewi hata fagio, mwanangu. Huchekwa. Miye nilikuwa nikiletewa mchele."

Nikamuuliza habari ya kadhi. Akasema alimfuata mumewe Jomvu, akamwambia aje amwoze mwanawe. Akakataa kuja, aliona haya. Lakini alikwenda kwa kadhi na mashahidi wawili akatoa idhini yake. "Kwa hilo namwombea Mungu amrehemu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwombea rehema mtu huyo.

"Mtoto anajua?"

"Mwanangu ana mume na watoto. Babake yumo ukutani, kwenye mnara wa serikali, na wakwe zake wamheshimu kwa hilo. Mwache."

Nilijua natakiwa kushtuka. Sikushtuka. Mwili ulikuwa mzito tu, kama umelala usingizi wa mchana ukaamshwa vibaya. Nikawa napitia kichwani kila neno alilowahi kusema, nikitafuta uongo mmoja, nikakosa. Alituambia kila kitu miaka yote hiyo. Nikamwambia makiwa. Akaitika, "Tunayo," na hapo ndipo mdomo ukamtetemeka, akautuliza kwa mkono. Nikakaa naye mpaka alasiri. Aliniuliza kama Changamwe ndimu zinapatikana.

Nilipotoka, wanawake wawili wa mtaa walikuwa barazani kwa mwenye duka, nyungo mapajani. Mmoja wao akaniita.

"Umetoka kwake? Ni kweli amekaa eda?"

"Ni kweli."

"Ya yule yule? Wa mnarani?"

"Ya yule yule."

Akashika shavu. Macho yakamjaa, na yalikuwa machozi ya kweli. "Masikini. Miaka yote hii. Mwisho wake amekubali."

Mwenzake akasema Alhamdulillahi. Akasema mwaka huu hitima itasomwa mapema, Alhamisi, pale pale ukuta wa nne, na safari hii itakuwa kubwa, kwa kuwa sasa mwenyewe ameridhia. Mchele walikuwa wameshauleta, ndio huo waliokuwa wakiuchambua.

Niliutazama mnara, majani yake, mchirizi wake wa kutu. Mtu alikuwa amekufa na anastahili kusomewa, hilo lilikuwa kweli kwa mara ya kwanza, na sikuona sababu ya kuwaambia wangoje. Nikavua viatu, nikapanda barazani, nikaomba ungo.